Maswali na Majibu: Kuomba Nakala za Nyaraka za Mahakama

Safu ya leo inajibu maswali ya wasomaji wanaofanya kazi katika ofisi za mawakili, ambao karibu wote wanauliza namna ya kuomba nakala za nyaraka katika masjala ya mahakama na kuzipata kwa wakati.

Swali: Mimi ni karani mpya. Nimetumwa mara mbili kuomba "nakala za kesi," na mara zote mbili nimerudishwa mikono mitupu. Nimekosea wapi?

Jibu: Kosa limo katika maneno hayo yenyewe, kwa sababu jalada la kesi huwa na nyaraka za aina nyingi na karani wa masjala hawezi kukisia unayoitaka. Hukumu hueleza ubishi uliokuwapo, ushahidi uliopimwa na sababu za uamuzi. Tuzo, ambayo wengine huiita dikrii, ni hati fupi itokanayo na hukumu hiyo, inayotaja nani afanye nini au amlipe nani kiasi gani, nayo ndiyo inayokazwa, yaani kutekelezwa kwa nguvu ya mahakama. Mwenendo wa shauri ni kumbukumbu ya yaliyosemwa na kuamriwa siku hadi siku, na vielelezo ni ushahidi wa maandishi au vitu uliopokelewa na mahakama. Mteja akisema anataka "hukumu," muulize anaipeleka wapi, kwa maana anayekwenda kukaza hukumu na anayekwenda kukata rufaa hawahitaji nyaraka zilezile.

Ukishajua hilo, andika barua inayotaja mahakama, namba ya shauri na mwaka wake, majina ya wadaawa, yaani pande za kesi, kama yalivyo kwenye jalada, tarehe ya uamuzi, kila hati unayoiomba kwa jina lake, idadi ya nakala, na kama zithibitishwe au la. Namba ya shauri ikiwa imepotea, itafute kwanza katika hati za wito, stakabadhi za malipo au barua za zamani za mteja, kwani ukienda na jina tupu utafutaji unaweza kuchukua siku nyingi.

Swali: Makarani wa mahakama wananifahamu, nami huomba nakala kwa mdomo tu. Wakili wangu anasisitiza barua. Je, kuna ulazima?

Jibu: Upo, nami nakusihi uiache desturi hiyo leo, kwa sababu anayeumia nayo ni mteja ambaye hata hajui kwamba muda wake unahesabiwa. Chukua mfano wa rufaa za madai zinazokwenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania au Mahakama ya Rufaa ya Kenya. Kote kuwili mrufani ana siku 60 za kufungua rufaa tangu alipowasilisha notisi ya kusudio la kukata rufaa. Kanuni zinaruhusu muda uliohitajika kuandaa na kukabidhi nakala ya mwenendo usihesabiwe, mradi msajili wa mahakama authibitishe katika cheti chake, lakini nafuu hiyo ina masharti: nakala iwe imeombwa ndani ya siku 30 tangu tarehe ya uamuzi, ombi liwe la maandishi, na nakala ya barua hiyo iwe imepelekwa kwa mjibu rufaa. Ombi la mdomo, hata kama karani alilitimiza kwa moyo mweupe, halikidhi masharti hayo.

Wala kupeleka barua si mwisho wa kazi. Kanuni za Tanzania, kwa marekebisho ya mwaka 2019, zinamtaka msajili ahakikishe nakala iko tayari ndani ya siku 90 tangu ilipoombwa, na zinamtaka mrufani naye achukue hatua ya kuifuata anapoarifiwa, au ndani ya siku 14 baada ya siku hizo 90 kwisha. Kwa hiyo andika tarehe hizo zote kwenye kalenda ya ofisi siku ileile barua inapopokelewa, na nakala yako irudi ikiwa na muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Katika ofisi moja niliyowahi kufanyia kazi, tuliwahi kuhangaika wiki kadhaa kutafuta barua moja yenye muhuri huo, kwa kuwa ilikuwa imewekwa kwenye jalada la mteja mwingine. Tangu siku hiyo barua za namna hiyo hazitoki mkononi mwangu kabla hazijaandikwa katika daftari.

Swali: Nakala iliyothibitishwa ina tofauti gani na fotokopi ya kawaida?

Jibu: Iliyothibitishwa ina saini na muhuri wa ofisa wa mahakama anayetamka kuwa inalingana na nakala halisi. Kwa kusoma na kuandaa hoja, fotokopi inatosha. Kwa rufaa, kukaza hukumu au kutumia hati hiyo kama ushahidi kwingine, omba iliyothibitishwa.

Swali: Tunahitaji nyaraka za kesi ambayo mteja wetu hakuwa mdaawa. Tunaweza kuzipata?

Jibu: Hutegemea nchi na aina ya hati. Katika mahakama za madai za Uingereza na Wales, kwa kawaida asiye mdaawa anaweza kupata hati za madai na utetezi, pamoja na hukumu au amri iliyotolewa hadharani, bila ruhusa maalumu. Viambatisho vya hati hizo na nyaraka nyingine za jaladani vinahitaji ruhusa ya mahakama. Katika mahakama za shirikisho za Marekani, nyaraka nyingi husomwa kwa mtandao na yeyote aliyejisajili, lakini mtoto hutajwa kwa herufi za kwanza za majina yake tu. Mashauri ya watoto ndiyo yanayofungwa zaidi kila mahali, na ni haki yafungwe. Barua yenu ieleze mna maslahi gani na nyaraka hizo zitatumika wapi.

Swali: Hukumu ya talaka ya mteja inatakiwa nchi nyingine. Je, muhuri wa mahakama unatosha?

Jibu: Mara nyingi hautoshi. Ikiwa nchi zote mbili ni wanachama wa Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961, hati hubandikwa cheti kimoja kiitwacho apostile na mamlaka iliyoteuliwa na nchi ilikotoka. Vinginevyo hupitishwa kwa kawaida wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi wa nchi inakokwenda. Omba nakala iliyothibitishwa karibuni, yenye saini inayosomeka, kwa kuwa huko mbele saini hiyo ndiyo itakayolinganishwa.

Swali: Tulipokea mwenendo wa shauri, na baadaye tukagundua kurasa mbili hazimo. Tufanye nini?

Jibu: Mwandikieni msajili mara moja, mkitaja kurasa hizo na tarehe mliyopokea nakala, na mpeleke nakala ya barua kwa upande wa pili. Msizijazie wenyewe kwa kumbukumbu za wakili. Safari ijayo mhesabu kurasa mkiwa bado dirishani, mkilinganisha tarehe za vikao na shajara ya wakili, na mkague kama kila kielelezo kilichotajwa kimo, kabla ya kutia saini ya kupokea.