Anza na uchochoro wa nyuma: kwa mnaoingia kazi ya kuhifadhi nyumba za Bath

Mgeni wa kazi hii akifika Bath, kusini-magharibi mwa Uingereza, miguu humpeleka moja kwa moja kwenye nyasi za Royal Crescent. Husimama katikati, akageuza shingo toka ncha hadi ncha, akaona jumba moja kubwa lililopinda kama hilali. Mimi nilifanya hivyo siku ya kwanza, na wiki kadhaa zilizofuata nilikuwa nachora jumba ambalo halipo. Kwa hiyo nakuomba, kabla hujafungua daftari, zunguka uingie Crescent Lane, uchochoro ulio nyuma.

Huko huoni nguzo. Utaona kuta za vimo tofauti, madirisha yasiyolingana, vyumba vilivyochomoza, na mabomba yanayoteremka kila moja kwa njia yake. Hizo ndizo nyumba zenyewe, 30, zimeshikana ukuta kwa ukuta. Kule mbele ni vazi la sherehe zililovalishwa zote pamoja.

Ilikuwaje? John Wood mdogo alichora uso wa mbele, na ujenzi ukaenda kuanzia 1767 hadi miaka ya 1774 na 1775, zama za Mfalme George wa Tatu. (Baba yake, naye John Wood, alikuwa ameanza Circus, duara la nyumba lililo karibu hapo, mwaka 1754, akafariki mwaka huohuo, mwana ndiye aliyelimaliza.) Mnunuzi alichukua kipande cha uso huo kwa urefu aliomudu, kisha akatafuta fundi wake wa kumjengea nyumba nyuma yake. Mbele alifungwa na mchoro, nyuma alikuwa huru. Mwenye familia kubwa aliongeza vyumba, mwingine akapeleka ngazi upande mwingine. Ukilielewa hilo, mambo mengi yatakayokushangaza ndani ya nyumba hizi hayatakushangaza tena.

Sasa rudi mbele, utazame kwa macho mengine. Orofa ya chini imeachwa tupu kabisa, haina pambo, kwa sababu kazi yake ni kuwa kibao cha kusimamishia nguzo. Juu yake zinapanda nguzo 114 za mtindo wa Ioniki, ule wenye vichwa vilivyojisokota kama pembe za kondoo dume, nazo zinapita orofa mbili kwa mkupuo. Zimeshikana na ukuta, hazikusimama peke yake. Zinapangwa kwa mwendo mmoja mpaka katikati ya hilali, ambapo mbili mbili zimesogezwa pamoja. Ndipo jicho linapopumzika. Mpaka kati ya jirani na jirani haukuonyeshwa popote kwenye mawe hayo. Ukitaka kuujua, hesabu milango, kisha inua macho juu ya paa utazame mabomba ya moshi, maana yamekaa juu ya kuta za kati.

Orofa ya kwanza ndiyo ya heshima, ya kupokea wageni. Hapo tazama vizingiti vya chini vya madirisha. Nyumba nyingi zilishushiwa vizingiti hivyo karne ya 19, wakati watu walipopenda madirisha marefu, na uwiano aliouchora Wood ukavurugika. Namba 1, ambayo leo ni makumbusho, imerudishiwa kimo cha awali. Simama hapo dakika kumi, linganisha na majirani zake. Somo hilo halikugharimu hata senti.

Kupima ndiko kulikonitoa jasho. Nyumba ya kwanza niliyopewa, ndani ya hilali nyingine ya mji huuhuu, nilivuta tepu mbele, nikaandika upana, nikadhani nyuma ni vilevile. Mchoro ulikataa kufunga. Nilifuta, nikapima upya, nikalaumu tepu. Fundi mawe mmoja mzee akaniuliza swali moja tu: ukikaa ndani ya tao la upinde, kuta za kati zinaelekea wapi? Zinapanuka kuelekea nyuma, kama vipande vya keki. Vyumba vingi havina kona ya mraba, hata kama zulia na samani vinakudanganya kuwa vipo sawa. Tangu siku hiyo sipimi chumba bila kupima mishazari yake yote miwili. Na kwa ukuta uliopinda, nyoosha kamba kati ya ncha mbili, kisha pima kina kutoka kwenye kamba hadi ukutani kila baada ya mita moja. Usihangaike kutafuta kitovu kimoja: Royal Crescent ni nusu ya duaradufu, si nusu ya duara, hivyo mpindo wake haulingani kote.

Tena usidhani kila kilicho ndani ni cha 1770. Mabomu ya Aprili 1942 yaliunguza namba 2 na namba 17 kwa ndani. Ukiwa kwenye nyasi leo hutazitambua.

Kuhusu vibali nitasema machache. Jengo hili liko kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi wa kisheria, na mji wote umo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1987. Miaka ya 1970 mkazi wa namba 22 alipaka mlango wake rangi ya njano badala ya nyeupe, halmashauri ikamwamuru aurudishe, na shauri likafika hadi kwa waziri, ambaye aliamua mlango ubaki njano. Watu husimulia kisa hiki kama ushindi. Mimi nakusihi ukumbuke kwamba rangi moja ilifika kwa waziri. Basi uliza kabla ya kugusa jiwe.

Na jiwe lenyewe ndilo ninalolipenda kuliko yote. Ni jiwe la chokaa, rangi ya asali, laini likitoka machimboni, kisha hukomaa linapokauka. Lina matabaka, na lazima lilazwe ukutani jinsi lilivyolala ardhini; ukilisimamisha, uso wake utabanduka ganda kwa ganda. Ule weusi unaouona ni mabaki ya moshi wa makaa, nao hukaa pale mvua isipofika, chini ya kingo zilizochomoza. Panapopigwa na mvua pako safi zaidi, ila ndipo pia jiwe linapoliwa.

Adui mkubwa ni saruji. Nimeona viungo vilivyojazwa saruji kwa nia njema kabisa: maji yakashindwa kutokea kwenye kiungo, yakatokea kupitia jiwe, na jiwe likamong'onyoka huku saruji imebaki imesimama kama mbavu. Nilikotoka, Zanzibar, nilishaliona jambo hilo kwenye kuta za mawe ya matumbawe za Mji Mkongwe. Kiungo kinapaswa kuwa dhaifu kuliko jiwe, kwa sababu kiungo kinajazwa upya, jiwe halirudi. Tumia chokaa.

Ila chokaa ya hapa ina tabia zake. Nyumbani tuliogopa jua, tukafunika kazi kwa magunia yaliyoloweshwa ili isikauke upesi ikapasuka. Hapa gunia ni lilelile, ila majira ya baridi hufunikwa likiwa kavu, tena tabaka kadhaa, kwa kuwa barafu ikiingia kwenye chokaa mbichi asubuhi utaikuta unga. Kuanzia Novemba mimi sianzi kiungo kipya cha nje. Miezi hiyo naitumia kuchora, na kuchora naanzia Crescent Lane.