Kakamega: dhahabu ichimbwe, ila shamba lilipwe kwa shamba

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: eneo la kale la dhahabu likifunguliwa upya, wenyeji watapata nini? Mimi ni mtu wa Likoni, lakini nimeoa Ikolomani, kule Kakamega, kwa hiyo nitajibu kwa habari za ukweni.

Ya 1931 wengi wanayajua. Mlowezi mmoja Mmarekani, L. A. Johnson, alipata dhahabu Kakamega wakati bei ya mahindi imeanguka na nzige hawajaacha kitu, na walowezi wenzake wakayatupa mashamba wakamfuata. Lisilosemwa sana ni la sheria. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni iliandika kwamba ardhi ya hifadhi, yaani maeneo waliyotengewa wenyeji, ni ya Waafrika milele, na kipande kikichukuliwa, wenyewe wapewe kingine cha kadiri ile ile. Desemba 1932, dhahabu ishaonekana, wakaibadilisha: mchimbaji akitaka shamba lako, unapewa pesa, basi. Ahadi ya milele haikumaliza hata miaka 3.

Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifanya kazi kuanzia 1935 hadi 1952, ukatoa takriban wakia robo milioni, kisha ukafungwa. Wazungu waliondoka, wenyeji wakaendelea kuchimba. Nendeni leo mkaone. Shemeji yangu huketi uani akiponda mawe kwa nyundo, akachekecha ule unga, akausafisha kwa maji ndani ya karai, halafu akamimina zebaki na kuukanda kwa mikono mitupu. Donge likishika hulikamua kwa kitambaa na kulichoma jikoni, watoto wakizunguka pale pale (moshi wa zebaki ni sumu, nimemsema mpaka nimechoka). Kinachobaki ni kipunje cha manjano kama mtama, na dalali ndiye anayetaja bei.

Sasa wakubwa wamerudi. Kampuni ya Acacia ilitangaza kuwa ukanda wa Liranda una wakia zipatazo milioni 1.3, yaani mara tano ya zile za Rosterman. Mwaka 2020 Shanta Gold ikaununua mradi huo. Dhahabu yenyewe iko chini ya mashamba na makaburi ya watu, na huko Ikolomani vipande vya ardhi ni vidogo mno. Ukimpa mtu milioni kadhaa akanunue kwingine, atanunua wapi karibu na ndugu zake?

Huku Pwani tumeshayaonja. Watu wa Maumba na Nguluku kule Kwale walihama kupisha machimbo ya titani. Malori yakashusha mchanga gatini Likoni miaka nenda miaka rudi, na Desemba 2024 uchimbaji ukafungwa. Barabara tulipata, na ajira pia, sikatai.

Kwa hiyo mimi nasema wachimbe, lakini anayehamishwa alipwe shamba kwa shamba, kama ilivyoandikwa 1930 kabla haijachezewa. Akina shemeji watengewe eneo lao lenye kibali, na wafunzwe kusafisha dhahabu bila zebaki. Na kuna mrabaha, yaani fungu ambalo kampuni hulipa kwa madini inayochimba: Sheria ya Madini ya 2016 inaipa serikali kuu asilimia 70, kaunti 20, jamii 10. Hiyo 10 ijulikane mapema itaingia akaunti gani na nani watatia saini, kabla shimo la kwanza halijachimbwa.