Mama akisema hana huzuni, usiandike sifuri

Nyinyi mnaoanza kuhoji wagonjwa kwa PHQ-9, dodoso la kupima sonona (depression), maswali ni 9 tu, kila moja alama 0 hadi 3. Mtayakariri kwa siku moja. Kazi iko kwenye maneno.

Mwezi wangu wa kwanza alikuja mama mmoja analalamika kichwa. Nikamuuliza, "Mama, wiki mbili hizi umekuwa na huzuni?" Akanishangaa. "Huzuni ya nini mwanangu? Sijafiwa." Nikaandika sifuri. Muuguzi aliyekuwa akinisimamia akavuta kiti. "Na usingizi je, mama?" Yule mama akashika pindo la khanga, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena. "Usingizi nilishausahau. Nawaza mpaka kunakucha. Hata chakula hakipiti." Sifuri yangu ikafutwa palepale.

Kwa wengi, huzuni ni ya msibani, ina sababu yake na matanga yake. Simanzi na majonzi ni ya taarifa ya habari na salamu za rambirambi. Jitimai waachieni washairi. Mgonjwa atakwambia ana mawazo, hana raha, moyo mzito, roho inamuuma. Akisema "nasononeka", weka kalamu chini umsikilize, maana huyo anaumia ndani kwa ndani. Huko ndiko lilikotoka neno sonona wanalotumia madaktari hapa Tanzania, lakini usimtamkie mapema. Wengi hawalijui, na wengine watadhani umewaita vichaa.

Jihadharini na pole pia. Ukimpa mtu pole atakujibu "asante, nimeshapoa". Hiyo ni adabu tu, sawa na marahaba. Hata mwenye kidonda kibichi hujibu hivyo. Nimeona fomu imeandikwa "anaendelea vizuri" kwa sababu ya jibu hilo.

Swali la 9, la kuwaza kufa au kujidhuru, ndilo wageni kazini wanalipitia mbiombio. Uliza waziwazi, kwa sauti yako ya kila siku. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Na ni wachache watakaojibu "ndiyo" moja kwa moja. Wengine watasema "bora nipumzike", "dunia imenichosha". Ukisikia hivyo usimwache peke yake hata dakika moja, mwite msimamizi hapohapo.

Yule mama wa kichwa alifikisha alama 17 kati ya 27. Kwa fomu niliyokuwa nimeanza kuijaza mimi, angerudi nyumbani na dawa za kichwa.