Mbona kaya zinajitoa kwenye majaribio ya jiko letu?

SWALI: Sisi ni kikundi cha vijana, tumebuni jiko la kuni. Tuligawa majiko 40 kwa kaya zilizojitolea, tupime kwa wiki nane. Wiki ya nne zimebaki kaya 19. Waliobaki wanasema jiko ni zuri. Sasa wengine wamekimbia nini?
Wabunifu, Morogoro

JIBU: Waulizeni waliojitoa, kwa upole na bila kuwabembeleza warudi. Sifa za waliobaki msizitegemee sana: aliyeleta kitu cha bure haambiwi usoni kwamba kitu chake ni kibaya.

Sababu ya kwanza huwa jikoni kwenyewe. Ugali wa watu sita husongwa kwa nguvu, na jiko jembamba huyumba. Anayepika atalikanyaga kwa mguu, au atarudi kwenye mafiga. Wali nao hupaliwa makaa juu ya mfuniko. Jiko linalounguza kuni mpaka majivu halibakishi makaa ya kupalia, kwa hiyo mama analazimika kuwasha mafiga pembeni. Mioto miwili, kazi mara mbili! Mlango ukiwa mdogo, kuni zinapasuliwa vipande vyembamba, na kazi hiyo mara nyingi haitajwi siku ya kugawa majiko.

Kwa hiyo msiulize "mnalipenda?" Ulizeni "jana mchana mlipika nini, kwa jiko lipi?" Wengine hawajitoi kwa maneno: jina limo kwenye daftari lenu, jiko limekuwa kibao cha kuwekea ndoo. Kuna vipimajoto vidogo kama sarafu vinavyorekodi saa jiko lilipowaka. Kifungeni ubavuni, mbali na mwali, kisije kikaungua, na mweleze kila mwenye nyumba kinafanya nini. Mkikificha, kikigunduliwa uvumi utamaliza majaribio mtaa mzima.

Sababu ya pili ni usumbufu wa kupimwa. Kwa kawaida mnapima rundo la kuni, kaya inatumia rundo hilo tu kwa saa 24, kisha mnapima zilizosalia na kuhesabu waliokula, kila mmoja kwa kipimo chake: mwanamume wa miaka 15 hadi 59 ni 1, mwanamke au mwanamume aliyezidi umri huo ni 0.8, mtoto wa chini ya miaka 15 ni 0.5. Siku tatu mfululizo zinatosha kwa awamu moja. Fanyeni awamu moja kwa jiko la zamani kabla ya kugawa jipya, nyingine katikati, ya mwisho wiki ya nane. Kumgongea mtu mlango kila asubuhi kwa miezi miwili, na dodoso lilelile mkononi, ni kumfukuza. Epukeni pia wiki za Ramadhani, msiba au harusi, kwa sababu idadi ya walaji na saa za kupika hubadilika.

Tena, nani alikubali? Baba akiandikisha jina kwenye mkutano wa kijiji, anayepima kuni na kupasua vijiti ni mke au mkwe ambaye hakuulizwa. Ombeni ridhaa ya anayepika.

Na jiko likivunjika? Wekeni namba moja ya simu inayopokelewa, na wavu na udongo wa ndani vya akiba. Jiko lililopasuka likikaa wiki bila fundi, hesabuni kaya hiyo imeondoka.

SWALI: Tuwalipe?

JIBU: Fidieni muda wao, kiasi kilekile kwa wote, kila mnapowatembelea. Malipo yakisubiri mwisho, watu watabaki kwa ajili ya hela huku wakipikia mafiga. Semeni mapema kama jiko litabaki kwao, na kwamba anayetaka kuacha hatadaiwa kitu.

SWALI: Tuandikishe kaya ngapi safari ijayo?

JIBU: Mkihitaji 30 hadi mwisho na mnatarajia robo ijitoe, gawanyeni 30 kwa 0.75: ni 40. Wengi huongeza robo juu ya 30 wakapata 38, kisha robo ya hao ikiondoka wanabaki 28 au 29. Waliojitoa msiwazibe kimyakimya kwa kaya mpya. Andikeni wiki waliyoacha, ukubwa wa kaya na sababu. Kama wengi wao ni kaya za watu wanane na zaidi, wastani wenu wa kuni zilizookolewa unazihusu familia ndogo tu, na ripoti iseme hivyo.