Kabla Hujatamka "Spishi Mpya"

Wadogo zangu mlioingia maabara juzi, nawapenda, ndiyo maana nasema kwa ukali kidogo. Udongo umefika juzi, leo mtu anatangaza bakteria mpya mwenye antioksidanti, yaani kemikali zinazotuliza chembe haribifu. Tulieni.

1. Koloni, yaani kundi la bakteria lililoota kutoka seli moja, kwanza liwe safi. Wapake bakteria kwa mistari kwenye agari, ile jeli ya kuoteshea, chukua koloni moja, rudia hadi sahani nzima iwe na sura moja. Akiba ya bakteria ndani ya gliseroli iingie kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri siku hiyohiyo.

2. Jeni ya 16S rRNA, ile inayotumika kuwatambua bakteria, isomwe yote, takriban nukleotidi (herufi za DNA) 1,500. Kipande cha 700 hakitoshi. Linganisha na vielelezo rasmi, yaani bakteria waliowekwa kuwa mfano wa kila spishi, si na chochote kilichotokea juu kwenye BLAST, programu ya kutafuta jeni zinazofanana. Ukipata mfanano chini ya asilimia 98.7, furahi. Ukipata juu yake, usitupe sahani: Bacillus anthracis na Bacillus cereus zinafanana kwa zaidi ya asilimia 99 kwenye jeni hiyo, na bado ni spishi mbili. Mwamuzi ni jenomu, yaani DNA yote: spishi ni mpya ikiwa ANI (wastani wa mfanano wa herufi za jenomu mbili) iko chini ya asilimia 95 hadi 96, na dDDH (ulinganisho wa jenomu kwa kompyuta) chini ya asilimia 70.

3. DPPH, ile kemikali ya zambarau inayofifia ikikutana na antioksidanti. Hapa ndipo roho inaponiuma. Kijana mmoja, mchapakazi kweli, alileta grafu nzuri mno: zambarau inageuka njano, usomaji wa mwanga wa 517 nm unashuka kila anapoongeza dondoo la bakteria wake. Slaidi zilikuwa tayari. Nikamuuliza, "Mchuzi mtupu, yaani kimiminika cha kuoteshea kisichopandwa bakteria, umeupima?" Akanyamaza. Tukaupima pamoja jioni ile, ukaifuta zambarau karibu sawa na dondoo lake. Mchuzi wake ulikuwa na dondoo la hamira, na hamira ina vitu vyake vinavyotuliza DPPH. Kazi ya miezi, na bakteria wake huenda hakufanya lolote. Sikuwa na neno la kumfariji. Nilikaa naye tu tukapanga upya. Tangu hapo sikubali grafu isiyo na mchuzi mtupu uliochujwa na kukaushwa vilevile kama sampuli. Na kama koloni lako ni jekundu au la chungwa, pima pia dondoo bila DPPH, kwa sababu rangi yake yenyewe hufyonza mwanga na kuificha nguvu ya dondoo. Vitamini C iwe kando yake kila mara, IC50 zao (kiasi kinachotuliza nusu ya DPPH) ziandikwe pamoja. Halafu kumbukeni jamani, DPPH ni kemia ya kwenye tyubu. Haijasema chochote kuhusu seli hai.

4. Kielelezo cha spishi yako mpya lazima kiwekwe kwenye hifadhi mbili za vijidudu, katika nchi mbili tofauti, na IJSEM, jarida linalotangaza spishi mpya za bakteria, litadai vyeti vyake. Anzeni kutuma mapema, makaratasi huchelewa. Kibali cha kuchukua udongo nacho kiombwe kabla jembe halijagusa ardhi. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu kuchukua na kugawana faida za viumbe vya nchi, ipo tangu 2010, na bila kibali hata hifadhi inaweza kukataa kupokea bakteria wako.