Dereva wa NASCAR akitundika helmeti anaishi kwa nini? Wendell Scott na Ned Jarrett

Mkuu, umeuliza kama ni kweli madereva wa NASCAR, zile mbio za magari za Marekani, wote wanastaafu matajiri, na kama mdogo wako aliyeko Ohio afuate njia hiyo. Mimi ni fundi magari North Carolina, karibu na mpaka wa Virginia, na huku ndiko kwenyewe kwa mchezo huu. Gerejini kwetu wanapita wazee waliomalizia ujana wao kwenye viwanja vidogo vya vumbi. Mmoja sasa anauza matairi, mwingine ana bredauni, anavuta magari yaliyokufa barabarani. Magoti mabovu, hadithi ndefu. Tajiri bado sijamwona.

Dereva si mwajiriwa wa NASCAR. Ama anajitegemea, ama ana mkataba na timu. Chama cha wafanyakazi hakuna, pensheni hakuna. Mwaka 1961 Curtis Turner na Tim Flock walitaka kuwaingiza wenzao kwenye chama cha madereva wa malori, wakafungiwa maisha, na adhabu ikaja kuondolewa 1965. Kwa hiyo siku unaposhuka garini, unashuka na ulichonacho mfukoni na jina lako tu.

Jina lenyewe sasa, nani yuko tayari kulinunua? Hapo ndipo madereva wanapoachana.

Mchukue Wendell Scott. Mtu mweusi wa Danville, Virginia, mzaliwa wa 1921. Aliendesha teksi, akatengeneza magari ya jeshi Ulaya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akarudi nyumbani akawa na gereji mchana na usiku anasafirisha gongo. Usishtuke, madereva wengi wa enzi hizo walijifunzia mwendo kwenye kazi hiyohiyo, huku polisi wakiwa nyuma. Mwaka 1952 waandaaji wa mbio pale Danville walitaka dereva mweusi wa kuvuta watazamaji, wakaenda kuwauliza polisi ni nani mwenye mbio. Polisi wakamtaja yeye. Nani angemjua vizuri kuliko wao?

Alipanda hadi ligi kuu 1961, akiwa na gari namba 34. Kama fundi, hapa ndipo ninapomvulia kofia. Gari lake mwenyewe, injini anafungua mwenyewe, watoto wake ndio wanaobadilisha matairi. Timu zilizobebwa na viwanda vya magari zilikuwa na injini za akiba. Yeye akiiua moja, wiki hiyo hakuna mkate. Kwa hiyo mtu wa namna yake hakanyagi mafuta hadi chini hata kama gari linakubali. Anailinda injini, anasubiri wenye pupa waharibikiwe, anamaliza wa nane au wa tisa, anachukua kilichopo na kurudi nyumbani kufunga gari kwa mbio zijazo. Mtazamaji anaona dereva mzito. Mimi naona mtu anayepiga hesabu ya vipuri kwenye mwendo wa kasi. Katika mbio 495 alimaliza ndani ya kumi bora mara 147, na 1966 alishika nafasi ya sita katika msimamo wa mwaka mzima. Kwa vifaa vile!

Kwenye ligi kuu alishinda mara moja tu, tarehe 1 Desemba 1963, Jacksonville, Florida, kwenye uwanja wa vumbi, akiwa na Chevrolet aliyoinunua kwa Ned Jarrett. Kumbuka hilo jina. Scott alikuwa mbele kwa raundi mbili, lakini bendera ya ushindi haikupepea, na aliyetangazwa mshindi ni Buck Baker, mzungu. Alilalamika, raundi zikahesabiwa upya, na saa kadhaa baadaye, watazamaji wameshakwenda zao, wakakiri kwamba ameshinda. Pesa alipata. Kombe lilishaondoka na Baker. Waliosema ni makosa ya kuhesabu kwa mkono wapo, lakini huku kwetu wazee, hata wazungu, hawajisumbui kuitetea hoja hiyo.

Mwisho wake ulikuja kwenye uwanja wa Talladega, Alabama, Mei 1973, kwenye ajali iliyokusanya magari mengi. Alivunjika nyonga na mbavu, na gari lake, bora kuliko yote aliyowahi kumiliki, alilolinunua kwa fedha za kukopa, likawa skrepa. Alikuwa na miaka 51. Oktoba hiyo aliendesha mara nyingine Charlotte, akamaliza wa 12, basi. Akarudi gerejini Danville, kulekule alikoanzia, akaendelea kutengeneza magari ya watu hadi ugonjwa ulipomlemea. Alifariki Desemba 1990 kwa saratani. Ukumbi wa heshima wa NASCAR pale Charlotte ulimpokea 2015, na kombe la Jacksonville familia yake ilikabidhiwa rasmi na NASCAR Agosti 2021. Mwenyewe alishazikwa miaka 30.

Sasa Jarrett, yule aliyemuuzia gari. Bingwa wa 1961 na 1965, ushindi mara 50. Mwaka 1966 Ford walijitoa kwenye mbio katikati ya msimu, naye akaacha akiwa na miaka 34, mzima, bingwa mtetezi. Mapema kabisa alikuwa ameshasoma kozi ya Dale Carnegie ya kuzungumza mbele za watu. Akasimamia uwanja wa Hickory, akaingia redioni, kisha televisheni. Mwaka 1993 alikuwa mtangazaji wa CBS pale mwanawe Dale alipoishinda Daytona 500, mbio kubwa kuliko zote za NASCAR, na raundi ya mwisho aliitangaza kama baba, waziwazi, hadi baadaye akamwomba radhi Dale Earnhardt aliyeshindwa.

Jarrett alistahili yote aliyopata, simtoi kosa. Ila Scott naye alikuwa msimuliaji mzuri, anachekesha, na hakuna kituo cha televisheni kilichomwita akakalie kiti kama kile. Kati ya mafundi wawili wazuri, mmoja alifunguliwa mlango na mwingine akaambiwa hakuna mlango.

Siku hizi walioko juu kabisa mambo ni tofauti. Jeff Gordon, bingwa wa zamani, ni kiongozi ndani ya timu ya Hendrick, na Dale Earnhardt Jr., mtoto wa yule Earnhardt, ana timu yake. Lakini wa katikati, wanaokuja na mdhamini wao na kuondoka naye, bado wanaishi kwa kubangaiza.

Mdogo wako kama anaipenda kazi yenyewe na si kamera, ahamie upande wa ufundi. Timu nyingi zimejazana Mooresville, Concord na Huntersville, kandokando ya Charlotte, na Mooresville kuna chuo cha ufundi cha NASCAR. Awe na karatasi zake za kufanyia kazi kamili, na aanze kwenye viwanja vidogo, kwa sababu huko wanakubali mtu anayejua spana hata kama hawamjui jina. Akifika pande hizi anitafute inbox.