Miwani Namba Tatu: Kwa Mnaoanza Kufundisha na Kuhudumia kwa Uhalisia Pepe

Kila muhula napokea kundi jipya la wanafunzi wa uuguzi, na kila kundi lina mmoja atakayevaa miwani ya uhalisia pepe, ile inayofunika macho na kukuingiza katika ulimwengu wa picha, siku ya kwanza na kumwokoa mtoto mchanga kwa alama kamili. Wa mwisho alikuwa kijana wa Kisauni, mwepesi wa mikono. Ndani ya miwani alifanya yote: akamkausha mtoto, akamsugua mgongo, akaona hapumui, akachagua barakoa ya saizi yake, akaanza kumpa pumzi kabla dakika ya kwanza haijaisha. Programu ikampigia makofi.

Nikamvua miwani, nikamsogeza mezani penye sanamu ya mtoto, nikampa ambu, ule mfuko wa kuminya unaosukuma hewa kupitia barakoa. Akaminya. Kifua kimya. Akaminya tena kwa nguvu zaidi, hewa ikamtoka kando ya barakoa, pss, pss, kama tairi ya baiskeli iliyochomwa na mwiba. Kichwa cha sanamu kilikuwa kimeinamia kifuani, na vidole vyake vilikuwa vimekandamiza chini ya kidevu badala ya kushika mfupa wa taya. Mle ndani alikuwa akibonyeza kitufe tu.

Hakuwa mzembe. Miwani ilikuwa imemfundisha inachokiweza: nini kitangulie, nini kifuate, saa inavyokimbia, na kutobabaika mama anapolia pembeni. Uzito wa kichwa cha mtoto haumo mle. Rimoti hutetemeka kidogo mkononi, basi. Kwa hiyo kwangu miwani haitoki kabatini kama sanamu haiko mezani. Mtu akimaliza raundi moja anahamia kwenye sanamu papo hapo, bila kwenda kunywa chai kwanza, na anahesabu kwa sauti: minya, mbili, tatu, minya, mbili, tatu. Pumzi 40 hadi 60 kwa dakika, na kila pumzi kifua kiinuke. Kisipoinuka, haihesabiwi. Yule kijana ilimchukua alasiri nzima.

Msidhani pia kwamba bila miwani hakuna mafunzo. Chuo Kikuu cha Oxford na watafiti wa KEMRI-Wellcome hapa Kenya walitengeneza mchezo uitwao LIFE, wa kufundisha dharura za mtoto mchanga, na unachezeka hata kwenye simu ya mfukoni. Nimeshawaona wanafunzi wakiufanyia mazoezi kwenye foleni ya feri ya Likoni. Foleni ile inatosha kuokoa watoto kumi.

Jambo jingine ni roho kuchafuka. Mliozaliwa pwani mtaelewa upesi. Ukiwa chini ndani ya chombo, sikio la ndani linahisi mawimbi ilhali jicho linaona ukuta umetulia. Ubongo unaletewa habari mbili zinazogombana, nawe unatapika. Miwani inafanya kinyume: jicho linaona unatembea, sikio linakwambia umekaa. Ndiyo maana programu ambazo mtu anasimama pale pale kando ya kitanda hazisumbui wengi, na zile za kusukumwa korido nzima kwa rimoti zinamwangusha hata mvuvi. Anzeni na dakika tano, kwenye kiti. Sogezeni lenzi zilingane na mboni za anayevaa. Watu wazima wengi tuko karibu na milimita 63 kutoka mboni hadi mboni, ila si wote, na zisipolingana picha inafifia na kichwa kinagonga. Mtu akipauka, akitoka jasho au akianza kupiga miayo, mvueni bila kumwuliza kama anaweza kuendelea. Atasema anaweza. Wote husema hivyo. Na tafadhali, isiwe mara tu baada ya mahamri na mbaazi.

Kwa mgonjwa, hesabu ni nyingine. Miaka ya 1990 kule Seattle, Marekani, Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington walianza kuwavisha miwani watu walioungua wakati vidonda vyao vinasafishwa. Ulimwengu waliowatengenezea unaitwa SnowWorld: bonde la barafu, na mgonjwa anarusha mipira ya theluji huku muuguzi akiendelea na kidonda. Maumivu nayo hutaka kusikilizwa. Akili ikishikwa na jambo jingine, hupungua makali. Hupungua, nimesema. Dawa ya maumivu inatolewa kwa wakati wake kama kawaida.

Kwetu theluji ina vituko vyake. Kuna mzee mmoja wa Marereni, mtu wa mashamba ya chumvi, aliyeletwa akiwa na kidonda kibaya cha moto mguuni. Nikamwamkia, nikamwachia miwani aipapase kwanza, nikamwambia akitaka kutoka ainue mkono, wala hataulizwa sababu. Akavaa. Akageuza kichwa kushoto, kulia, kimya. Kisha: "Chumvi yote hii ya nani?" Nilitaka kumsahihisha, nikajizuia. Sista akabandua bendeji hadi ya mwisho huku mzee akikadiria magunia.

Mwenye kifafa, aliyeumia kichwa, anayetapika, aliyeungua uso au masikio, au asiyejua yuko wapi, msimvishe. Mama mwenye ushungi aulizwe kabla hamjamgusa kichwa. Vuteni pazia, na mkanda aufunge muuguzi wa kike, juu ya ushungi. Pini zitolewe kwanza. Nina lenzi mbili zenye mikwaruzo ya pini na sina wa kumlaumu. Na anayoyaona mgonjwa msiyarushe kwenye televisheni ya wadi kwa sababu tu inawezekana. Kwenye rekodi tumieni namba, majina yakae kwenye faili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu na vidude hivi.

Joto letu na unyevu wake vina kazi yake. Ukitoa miwani kwenye chumba chenye eisi ukaipeleka wadini, lenzi zinapiga ukungu papo hapo. Ipe dakika chache izoee. Lenzi zifutwe kwa kitambaa laini kikavu, spiriti ni ya sehemu ya plastiki inayogusa ngozi, na kifuniko cha silikoni kibadilishwe kila mtu. Betri nyingi hazivuki saa mbili au tatu, kwa hiyo chajini usiku, na programu ziwe zimeshapakuliwa, msije mkategemea intaneti ya asubuhi.

Jua ndilo adui mkubwa. Lenzi zile hukusanya mwanga kama kioo cha kukuzia, na dakika chache zinatosha kuchoma skrini. Najua kwa sababu niliiweka moja dirishani, upande wa bahari, lenzi zikitazama juu, nikaenda kupokea simu. Niliporudi kulikuwa na doa la manjano upande wa kulia, na liko hadi leo. Hiyo ndiyo namba tatu, droo ya chini. Asipewe mgonjwa. Mimi hufanyia mazoezi hiyo hiyo, nanyi wiki ya kwanza mtaanza nayo.